Nani Huisema Nia ya Mshtakiwa?

Oktoba 2018, minada ya korosho ilipofunguliwa kusini mwa Tanzania, wakulima walisikiliza bei zikisomwa, wakazikataa. Msimu uliotangulia kilo moja ilikuwa imevuka shilingi 4,000. Safari hii wanunuzi waliandika chini ya 3,000. Tarehe 12 Novemba Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 na jeshi ndilo litakalozisomba. Lindi na Mtwara kukawa na vifijo. Kisha likaja sharti: mwenye mzigo mkubwa, unaozidi kilo 1,500, ahakikiwe kwanza. Aoneshe shamba. Akishindwa kuonesha mikorosho iliyozaa mzigo huo, basi huyo si mkulima, ni kangomba.

Asiyekulia kusini huenda neno hilo lisimguse. Ruangwa na Nachingwea linagusa karibu kila nyumba. Kangomba ni yule anayenunua korosho kijijini nje ya chama, kwa kopo au bakuli badala ya mzani, mara nyingi hata kabla mikorosho haijatoa maua. Anatoa pesa Februari, katikati ya kifuku, ghala la nyumbani likiwa tupu. Analipwa kwa korosho Oktoba au Novemba. Bei wanayopatana haisogelei ile ya mnadani. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kutumika kwenye zao hili msimu wa 2007/08, njia inayotambulika ni moja: korosho zipelekwe kwenye chama cha ushirika cha msingi, yaani AMCOS, zipimwe, ziandikiwe stakabadhi, ziende ghala kuu, zipigwe mnada na chama kikuu cha ushirika, ambacho kwa wilaya hizi ni RUNALI, yaani Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Nje ya njia hiyo ni kosa.

Katika wiki zile za mwisho wa mwaka, kangomba alisemwa sana. Alisemwa redioni, mikutanoni, kwenye magari ya matangazo. Mnyonyaji, mlanguzi, adui wa mkulima. Na mkulima aliyemuuzia naye alisemewa: ama hajui hesabu, ama mvivu, ama pesa zimeishia kwenye pombe. Sikatai kwamba wapo watu wa namna hiyo, pande zote mbili. Ninachouliza ni jambo dogo linalonisumbua hadi leo: nia za watu hao tulizipata kwa nani? Karibu zote tulizipata kwa wale waliokuwa na kipaza sauti.

Kesi inayofanana na hii ilisikilizwa Athens, Ugiriki, yapata mwaka 386 kabla ya Kristo. Mji ule haukuweza kujilisha. Nafaka ililetwa kwa meli, nyingi ikitoka pwani za Bahari Nyeusi, na wachuuzi wa bandari ya Piraeus waliinunua na kuiuza kwa wananchi. Sheria ilimkataza mchuuzi kununua zaidi ya vikapu 50, na faida yake isizidi oboli moja. Adhabu ilikuwa kifo. Wachuuzi kadhaa walishtakiwa kwa kuvuka kipimo hicho, na hotuba ya kuwashtaki iliandikwa na Lysias, fundi wa kuwaandikia watu hotuba za mahakamani kwa malipo.

Hapa inabidi nieleze kidogo mahakama zao. Hapakuwa na mwendesha mashtaka wa serikali. Hapakuwa na wakili wa kukusemea. Mwenye kesi alisimama mwenyewe mbele ya waamuzi 201, au 501, au zaidi, raia wa kawaida waliopatikana kwa bahati nasibu, akasema huku maji yakichuruzika kutoka kwenye chombo cha udongo kupima muda wake. Maji yakiisha, umekwisha. Baada ya pande zote kusema, waamuzi hawakujadiliana. Walipiga kura moja kwa moja. Mtu asiyejua kupanga maneno alikwenda kwa mtu kama Lysias, akasimulia mkasa wake, akaandikiwa, akakariri. Mtaani kwetu tungemwita kishoka, yaani mwandishi wa kesi asiye na leseni, ila kishoka wa daraja la juu, ambaye hotuba zake zinasomwa hadi leo. Na jambo la kuchekesha: Lysias hakuwa hata raia. Baba yake alihamia kutoka Syracuse, Sicily, na wengi wa wachuuzi wale nao walikuwa wageni wakaazi kama yeye.

Washtakiwa walikiri kuzidisha vikapu. Utetezi wao wote uliegemea nia. Walisema waliungana kununua kwa ushauri wa mmoja wa wasimamizi wa nafaka, Anytos, ambaye baadhi ya wanahistoria wanamwona kuwa ndiye yule yule aliyemshtaki Socrates mwaka 399. Walishauriwa waache kupandishiana bei, ili nafaka imfikie mwananchi kwa nafuu. Lysias hakukaa sana kwenye hesabu ya vikapu. Akaifuata nia huko huko ilikojificha. Kama nia ilikuwa nafuu ya watu, mbona mmeuza siku hiyo hiyo kwa kupandisha drakma nzima, yaani oboli sita? Kisha akawachora: watu ambao neema yao ni msiba wa mji, wanaoeneza uvumi kwamba meli zimezama, kwamba Wasparta wamezikamata, kwamba bandari zimefungwa, ili bei ipae. Ukiisoma hotuba ile ukiwa Ruangwa msimu wa mnada, wakati kila mnunuzi ana habari mpya ya soko la India au Vietnam kuanguka, unaweza kuapa kwamba mwandishi anaijua AMCOS yako.

Lakini kuna kipande cha hotuba hiyo ambacho wasomaji wengi hukipita haraka, nami nakiona ndicho kiini chake. Msemaji, aliyekuwa mjumbe wa Baraza la mji, anaeleza namna shauri lilivyoanza. Habari za wachuuzi zilipofika barazani, wajumbe walikasirika kupita kiasi, baadhi yao wakapendekeza wakabidhiwe moja kwa moja kwa maofisa wa magereza, wauawe bila kesi. Yeye akasimama akapinga. Akasema wasikilizwe, wakiwa na hatia, sheria itawaua, na wakiwa hawana, wasife bure. Tangu siku ile baadhi ya watu wakaanza kunong'ona: huyu anataka kuwaokoa wachuuzi. Basi ili kulifuta doa hilo, aliyetetea haki yao ya kusikilizwa ndiye akageuka kuwa mshtaki wao.

Tafakari hali ya mtu huyo. Anawashtaki wenzake kwa nia mbaya, na nia yake mwenyewe, kulinda jina lake, imo kesini pia. Hakuna waongo hapo, pengine. Ila kila mmoja katika kesi ile alikuwa na sababu ya kuisema nia ya mwenzake kwa namna inayomfaa yeye.

Wagiriki waliligundua tatizo hili mapema. Inasimuliwa kwamba sanaa ya balagha, ya kusema ili kushawishi, ilizaliwa Syracuse baada ya watawala wa mabavu kuondolewa miaka ya 460 kabla ya Kristo. Watu waliokuwa wamenyang'anywa ardhi walirudi kuidai, hati hazikuwapo, mashahidi wengine walikuwa wamekufa. Corax na Tisias wakawafundisha kujenga hoja juu ya kile kinachoelekea kuwa kweli. Mfano wao maarufu ni wa mtu dhaifu aliyeshtakiwa kwa kumpiga mtu mwenye nguvu. Atasema: yaelekeaje mimi, nilivyo hivi, nimwanze huyu? Sawa. Mgeuze sasa: mwenye nguvu ndiye anashtakiwa kwa kumpiga dhaifu. Naye atasema: yaelekeaje mimi, nikijua kila mtu atanishuku, nikafanye? Hoja hiyo hiyo imewatoa wote wawili. Ndiyo maana Plato aliichukia biashara hiyo. Aliona watu wamejifunza kufanana na ukweli badala ya kuutafuta. Mimi siichukii kiasi hicho. Nia haipimwi kwa mzani, na mahali ambapo hakuna wa kuona ndani ya moyo, hoja ya kinachoelekea ndiyo pekee tuliyo nayo. Hatari ni kusahau kwamba ni hoja.

Aristotle, mwanafunzi wa Plato, alilichukua jambo hilo kwa utulivu zaidi. Kitabu chake cha balagha, cha karne ya 4 kabla ya Kristo, kina sura zinazomwambia msemaji wa mahakamani ajue mambo matatu: watu hutenda uovu kwa sababu zipi, wakiwa katika hali gani, na huwatendea watu gani. Kila tendo, anasema, linatokana na mojawapo ya mambo saba: bahati, maumbile, kulazimishwa, mazoea, hesabu ya akili, hasira, au tamaa. Orodha kavu, lakini ipeleke kwa mkulima wa Mnero au Nandagala aliyeuza korosho zake kwa kangomba uone inavyofunguka. Huyu aliuza Februari kwa sababu unga umekwisha: hiyo iko karibu sana na kulazimishwa. Yule kwa sababu binti anatoka unyago na ngoma haiwezi kuahirishwa: tamaa? Au heshima ya ukoo? Wa tatu amefanya hesabu ya akili kabisa. Msimu uliopita chama kilichelewesha malipo, makato yakawa mengi kuliko alivyoelezwa, naye ameona pesa kidogo ya leo mkononi ina uhakika kuliko nyingi ya kwenye daftari. Wa nne anauza kwa kangomba kwa kuwa baba yake aliuza kwa baba wa kangomba huyo. Mazoea. Kosa ni moja, kifungu ni kimoja, na hakuna hotuba ya jukwaani inayoweza kuwabeba wote wanne bila kuwasingizia watatu.

Na kangomba mwenyewe? Si lazima awe tajiri wa mjini mwenye malori. Kijijini mara nyingi ni mwenye duka, anayekukopesha sukari na sabuni, aliyechangia msiba wa mama yako. Anaweza kukujibu kwa hoja ambayo si ya mjinga: nilimpa pesa wakati hakuna benki iliyomtaka, nami nadai changu. Inachekesha kwamba hoja hii ndiyo inayofungua kitabu maarufu kuliko vyote vya Wagiriki juu ya haki. Katika Jamhuri ya Plato, mzee Cephalus, ambaye ni baba wa huyu huyu Lysias wetu, anaulizwa haki ni nini, na jibu linalotokana na maneno yake ni kwamba haki ni kusema kweli na kulipa unachodaiwa. Socrates anamvuruga kwa swali moja: rafiki amekuachia silaha akiwa na akili timamu, sasa amerukwa na akili na anaidai, utamrudishia? Mzee anacheka, anaondoka kwenda kutoa sadaka zake, anawaachia vijana mjadala. Ndivyo na deni la kangomba. Kwamba ni deni halisi, ni kweli. Kwamba kulilipa kilo kwa kilo ni haki, hapo ndipo swali linapoanza.

Aristotle ana orodha nyingine inayouma zaidi, ya watu wanaodhulumiwa kirahisi: wasio na tahadhari, walio mbali, wanaoona haya kushtaki, wasio na muda wa kukaa mahakamani, na waliokwisha kudhulumiwa na wengi bila kufuatilia, ambao Wagiriki waliwaita kwa msemo mawindo ya Wamisia. Mkulima mdogo wa Lindi yumo karibu kwenye kila mstari. Gramu zinazopotea kwenye mzani si za kumpandisha mtu gari hadi wilayani. Nauli tu inazizidi.

Halafu ipo hasira. Aristotle anaieleza kuwa ni shauku ya kulipiza inayoletwa na dharau, na kwake dharau ndiyo neno kuu, zaidi ya hasara. Aprili 2013 Liwale, wilaya jirani, wakulima waliambiwa malipo ya pili ya korosho zao yatakuwa pungufu ya waliyokuwa wakiyategemea. Nyumba za viongozi zikachomwa moto. Wakati ule maelezo yalikuwa mawili: serikali ilisema wahuni na wachochezi, wengine wakasema ni umaskini. Sidhani kama ama hili au lile linatosha. Maskini wa Liwale walikuwa maskini pia mwaka uliotangulia na hawakuchoma kitu. Kilichokuwa kipya ni kuitwa, kukaa, na kuambiwa kiasi pungufu kana kwamba hawajui kuhesabu.

Mfano wa pili nilionao wa watu kusemewa nia zao ni mzito zaidi, nao ni wa Nachingwea.

Mji wenyewe ni mtoto wa ushawishi. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilishawishika kwamba mapori ya Kongwa, Urambo na huku kusini yangezaa karanga za kuipa Uingereza mafuta ya kula. Mradi ulipovunjwa mwaka 1951 zilikuwa zimeteketea takriban pauni milioni 36. Reli iliyotoka pwani hadi Nachingwea iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, kata ya Stesheni ikabaki na jina. Shamba moja, Farm 17, likawa kambi ya Frelimo, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji kutoka kwa Wareno, na kuanzia 1965 ndipo kamanda Samora Machel alipowaandaa wapiganaji wake. Wazee wa Nachingwea wanalisimulia hilo kwa fahari, na wana kila sababu.

Tarehe 12 Mei 1975, wiki sita kabla ya uhuru wa Msumbiji, katika kambi hiyo, mbele ya maelfu ya wapiganaji, mchungaji Uria Simango alisoma maungamo ya kurasa zipatazo 20. Huyu alikuwa makamu wa rais wa Frelimo tangu chama kilipoundwa mwaka 1962. Rais wa chama, Eduardo Mondlane, alipouawa kwa bomu Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969, Simango akawa mmoja wa watatu waliokabidhiwa uongozi. Novemba mwaka huo huo akatoa waraka wa kuwashutumu wenzake, akafukuzwa. Mwaka 1974, baada ya mapinduzi ya Lisbon, alirudi Msumbiji na kushiriki kuunda chama cha kushindana na Frelimo. Akakamatwa Malawi, akakabidhiwa kwa Frelimo. Miongoni mwa walioletwa Nachingwea pamoja naye walikuwamo Joana Simeão, mwanamke aliyejitokeza katika siasa za 1974, na Lázaro Nkavandame, kiongozi wa Wamakonde aliyewahi kusimamia jimbo la Cabo Delgado. Nkavandame, mbali na kukimbilia upande wa Wareno mwaka 1969, alilaumiwa pia kwa kuwanyonya wakulima kupitia vyama vya ushirika vya jimboni mwake. Kwa lugha yetu, kangomba.

Hapakuwa na hakimu wa kujitegemea, wakili, wala shahidi wa utetezi. Simango alisoma kwa kinywa chake mwenyewe kwamba alikuwa msaliti, kisha akaomba afundishwe upya. Walipelekwa Msumbiji, wakafungwa huko, na baadaye wakauawa bila kufikishwa mbele ya mahakama.

Wapo watakaosema kwamba ilikuwa vita, na kwamba Nkavandame kweli alivuka upande. Ni kweli alivuka. Mtu mwenye hatia anaweza kulazimishwa kuungama kosa lake, na maungamo hayo hayatatuambia kitu ambacho hatukukijua kabla hajafungua mdomo. Ila Simango na Nkavandame hawakuwa na mashtaka yanayofanana hata kidogo: mmoja alikwenda kwa adui wakati wa vita, mwingine aliandika waraka na kuunda chama. Nia moja, usaliti, ikatandazwa juu ya wote kama shuka.

Linganisha na mshtakiwa mwingine wa usaliti. Gorgias, msemaji mashuhuri kutoka Leontini, Sicily, aliyefika Athens mwaka 427 kabla ya Kristo akiwa balozi wa mji wake na kuwaacha watu midomo wazi, aliandika hotuba ya kubuni ya kumtetea Palamedes. Katika visa vya vita vya Troy, Palamedes anashtakiwa na Odysseus kwa kuwauza Wagiriki kwa adui. Ushahidi ni dhahabu iliyofukiwa hemani mwake, ambayo Odysseus mwenyewe ndiye aliyeiweka. Anapigwa mawe hadi kufa. Gorgias anampa nafasi ya kusema. Palamedes anaanza na uwezekano: ningewasilianaje na adui, kwa lugha gani, nani alibeba fedha, nani aliona? Halafu anaingia kwenye nia, moja baada ya nyingine. Madaraka? Nani angekubali kutawaliwa na mtu aliyewauza wake? Mali? Ninayo ya kunitosha, na mwenye njaa ya mali ni asiyeweza kujizuia. Heshima? Msaliti hapewi heshima hata na aliyemnunua. Anazifunga zote, kisha anamgeukia mshtaki: na wewe, unasema haya kwa kujua au kwa kudhani?

Hotuba hiyo ni mazoezi ya darasani, si kesi. Hata hivyo inaonesha kitu ambacho Farm 17 hakikuwapo. Palamedes anazitaja nia ili kuzikana. Simango alipewa nia azisome ili zimshikilie.

Aristotle aliandika pia juu ya maneno yanayopatikana kwa mateso, kwa kuwa Athens iliyakubali mahakamani yanapotoka kwa watumwa. Raia hakuteswa, mtumwa hakuaminiwa bila kuteswa, na hilo ni doa lao kubwa. Anamfundisha msemaji namna ya kuyatumia yakimfaa na namna ya kuyakataa yakimdhuru, na katika kuyakataa anatoa hoja ambayo haijajibiwa tangu hapo: aliyelazimishwa husema uongo kwa wepesi ule ule anaosema kweli, mwingine huvumilia na kukaa kimya, mwingine husema haraka chochote apumzike. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania ya mwaka 1967 nayo ina tahadhari juu ya maungamo ya kulazimishwa. Mei 1975 sheria hiyo ilikuwa na umri wa karibu miaka minane na ilikuwa ikitumika Nachingwea mjini. Haikuvuka lango la kambi.

Mtoto wa Simango, Daviz, alichaguliwa kuwa meya wa Beira mwaka 2003, mwaka 2009 akaanzisha chama cha MDM, akagombea urais zaidi ya mara moja, akafariki Februari 2021. Alifanya siasa ndani ya nchi ambayo maungamo ya baba yake yalisomwa kama ukweli wa historia.

Nirudi kwenye korosho. Mwanzoni mwa 2019 serikali ikatangaza kuwasamehe kangomba. Aristotle angefurahi kiasi. Ana neno kwa kitu kinachokaa juu ya sheria iliyoandikwa, uungwana wa kisheria tuseme, unaomtaka mwamuzi asamehe udhaifu wa kibinadamu, amtazame mtunga sheria kuliko maandishi, nia kuliko tendo, na apende usuluhishi kuliko kesi, kwa sababu msuluhishi huangalia uungwana na mwamuzi huangalia kifungu. Mabaraza ya Kata yaliyoundwa kwa sheria ya 1985 yana roho hiyo, angalau kwenye karatasi. Lakini msamaha wa 2019 ulitolewa kwa njia ile ile lawama ilivyotolewa: kwa jumla, kwa tangazo. Aliyekuwa ananyonya kijiji kizima na aliyemsitiri jirani wakati wa njaa walisamehewa kwa sentensi moja kama walivyolaumiwa kwa sentensi moja.

Mahali ambapo nia ya mtu mmoja ingeweza kusikilizwa peke yake ni Mahakama ya Mwanzo, nayo kwa namna fulani iko karibu na Athens kuliko mahakama za juu. Kesi imekuwa ikiendeshwa kwa Kiswahili miaka yote, wakati huko juu hukumu ziliandikwa kwa Kiingereza hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 2021. Hakimu alikaa na washauri wasiopungua wawili, watu wa mahali hapo. Mawakili hawakuruhusiwa kuingia. Mwenye kesi alijisemea, na vishoka wakaketi nje chini ya mti na kalamu zao kuandika malalamiko. Mwaka huo huo wa 2021 mlango ukafunguliwa kwa mawakili pale hakimu anapokuwa hakimu mkazi. Nadhani ni jambo jema, ingawa mwenye kumudu wakili Nachingwea mara nyingi ni mwenye duka, si mwenye mikorosho 20.

Athens, mtu akishapatikana na hatia katika kesi ambazo sheria haikutaja adhabu, alisimama mara ya pili kupendekeza adhabu yake mwenyewe. Socrates alipewa nafasi hiyo, akaanza kwa kupendekeza alishwe na mji maisha yake yote. Kwetu, baada ya kutiwa hatiani, mshtakiwa huulizwa kama ana la kusema ili apunguziwe adhabu. Ndipo, mara nyingi kwa mara ya kwanza tangu akamatwe, anaulizwa yeye mwenyewe habari za maisha yake. Jibu linaloishia magazetini sote tunalifahamu: ana watoto, ana mama mzee, wote wanamtegemea. Hakimu analiandika, kisha anasoma miaka.